"Request" au "request for"? Mwongozo kamili kwa anayeandika barua za Kiingereza

Fungua faili la barua katika ofisi yoyote inayoandikiana kwa Kiingereza, iwe Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, na sentensi hii hutaikosa: "I hereby request for three days' leave." Mkubwa wa kazi ataielewa, na pengine ruhusa itatoka siku hiyohiyo. Lakini katika Kiingereza sanifu, kile kinachopimwa kwenye mitihani na kusomwa na anayechambua maombi ya kazi au ya ufadhili wa masomo, hilo "for" limezidi. Ilitakiwa "I request three days' leave."

Kinachowachanganya watu ni kwamba juu ya barua hiyohiyo kuna kichwa "RE: REQUEST FOR LEAVE", nacho ni sahihi kabisa. Neno ni lilelile. Huku linadai "for", kule linalikataa. Walimu wengi hulimaliza jambo hili kwa kumwambia mwanafunzi akariri. Sikubaliani nao, kwa sababu mtu aliyekulia katika Kiswahili ana kanuni hii kichwani tangu utotoni. Anachohitaji ni kuonyeshwa mahali ilipo, kisha aonyeshwe sehemu mbili tatu ambapo Kiswahili hichohicho kitampoteza.

Hatua ya 1: Anzia kwenye "omba" na "ombi"

Sema kwa sauti: "Naomba likizo." Sasa sema: "Ombi la likizo." Kwenye "naomba likizo" kitenzi kimeishika likizo moja kwa moja, hakuna kitu katikati. Kwenye "ombi la likizo" nomino haiwezi kuifikia likizo bila "la". Hakuna Mswahili anayesema "naomba la likizo", wala anayesema "ombi likizo".

Kiingereza kinafanya vivyo hivyo na "request":

Naomba likizo. – "I request leave."
Ombi la likizo. – "A request for leave."

Basi kanuni yako ni hii: ukiona katika Kiswahili chako pangekaa "la" au "ya", weka "for". Pasipo na "la", "for" haina kazi.

Ukitaka kuona jambo hili likiwa wazi zaidi, tazama maneno ya Kiswahili ambayo, kama "request", hayabadiliki umbo yanapotoka kwenye kitenzi kwenda kwenye nomino. Kutafsiri kitabu, tafsiri ya kitabu. Kuhukumu kesi, hukumu ya kesi. Kuhesabu pesa, hesabu ya pesa. Kujibu swali, jibu la swali. Mtoto wa darasa la tatu hakosei hapo.

Kwa nini basi watu wazima wenye shahada wanakosea kwenye "request"? Sababu kubwa ni kwamba "omba" ina wenzake watatu katika Kiingereza, na wawili kati yao hutembea na "for" hata wakiwa vitenzi: "ask for leave", "apply for leave". Wa tatu, "request", hatembei nayo. Mwandishi akiwa na "ask for" masikioni, kalamu inaandika "request for" yenyewe. Sababu ya pili ni kichwa cha barua: umemaliza kuandika "REQUEST FOR TRANSFER" kwa herufi kubwa na kupiga mstari, na sentensi ya kwanza inafuata mkondo huohuo.

Hatua ya 2: Jua umeshika kitenzi au nomino

Umbo la neno halitakusaidia. "Requests" yaweza kuwa wingi wa nomino, "three requests", au kitenzi cha nafsi ya tatu, "she requests a refund". Tazama jirani wa kushoto.

Kushoto kukiwa na "a", "the", "my", "your", "this", "any" au namba, una nomino. Kukiwa na mtendaji, kama "I", "we", "the director", au maneno kama "to", "will", "must", "would like to", una kitenzi. "Requested" na "requesting" ndani ya barua karibu kila mara ni kitenzi, kwa hiyo "I am requesting for" na "I requested for" ni kosa lilelile lililovaa nguo nyingine.

Angalia sana "I would like to request". Ni ndefu, ina adabu, na urefu wake humsahaulisha mwandishi kwamba mwishoni kuna kitenzi. "I would like to request for an appointment" ni kosa. "I would like to request an appointment" ndiyo sahihi.

Hatua ya 3: Kitenzi kikishika kitu chake

Hapa ndipo penye mitego mingi, nitakaa kidogo.

Mtego wa kwanza ni pale kitu kilichoombwa kinapotangulia mbele ya kitenzi. "The documents which you requested for are attached" ni kosa, maana "documents" ndiyo iliyoombwa, ila imesogezwa mbele. Iseme kwa Kiswahili: "nyaraka ulizoomba." Hakuna "la". Kwa hiyo: "The documents you requested are attached." Kauli ya kutendwa nayo ni hivyo: "An explanation was requested", bila "for" mwishoni.

Mtego wa pili unawanasa wale waliokwisha kuonywa kuhusu "for" mpaka wanaifuta kila wanapoiona. Soma hii: "We requested a room for two nights." Hapa "for" ni ya usiku mbili, haihusiani na kuomba. Au: "A meeting was requested for Monday." Hiyo ni ya Jumatatu. Zote ni sahihi. Kabla ya kufuta, uliza "for" hiyo inabeba nini. Ikibeba kitu kinachoombwa baada ya kitenzi, ifute. Ikibeba muda, tarehe au mtu atakayenufaika, iache.

Mtego wa tatu unatoka moja kwa moja kwenye Kiswahili. Sisi husema "nilimwomba barua": mtu na kitu vyote viwili vinakaa kwenye kitenzi kimoja bila shida. Kiingereza hakikubali hivyo kwa "request". "I requested him a letter" haisemwi. Kitu kinatangulia, mtu anafuata akitanguliwa na "from": "I requested a letter from him." Katika maandishi mazito zaidi utakuta "of": "All that is requested of you." Kwa barua za kawaida "from" inatosha.

Kuna pia kumwomba mtu atende jambo. "I requested him to wait" ni Kiingereza halali, lakini sikushauri uandike "I request you to..." kwa mtu unayemheshimu. Kiswahili chetu kina upole ndani ya "naomba". Mgeni akisema "naomba maji" ametumia adabu zote. Kiingereza cha "I request" ni kikavu, cha ofisini, na "I request you to send the report" inasikika kama agizo la mkubwa kwa mdogo. Ukimwandikia mkurugenzi au mfadhili, tumia "I would be grateful if you could send the report." Ukimwandikia mwenzako wa meza ya pili, "Could you send me the report, please?" inatosha. Umbo la kutendwa linafaa kwa matangazo: "Visitors are requested to sign the book."

Hatua ya 4: "Request that", na zawadi tuliyopewa na Kiswahili

Baada ya "request that", Kiingereza rasmi hutumia kitenzi kikiwa tupu, bila "s" na bila wakati. "I request that my contract be renewed", si "is renewed". "She requested that he come early", si "came" wala "comes". Wazungumzaji wa lugha nyingi husumbuka sana hapa. Sisi tusingepaswa kusumbuka.

Sikiliza: "Naomba mkataba wangu uhuishwe." "Aliomba aje mapema." "Tunaomba tupewe muda." Vitenzi vyote hivyo vimeishia kwa "e", na havionyeshi wakati. Ile "e" ya mwisho ndiyo taa yako. Kila inapowaka katika Kiswahili chako baada ya "omba", Kiingereza kinataka kitenzi kitupu: "be renewed", "come", "be given". Hata kuomba kukiwa kulitokea jana, "e" haibadiliki, na kitenzi cha Kiingereza hakibadiliki.

Kwa kukanusha, "not" inatangulia: "We request that the date not be changed" – tunaomba tarehe isibadilishwe. Waingereza pia huandika "should be renewed", nayo inakubalika kokote. Ukiona uzito na "be" iliyo tupu, tumia "should", hutakosea.

Muundo huu unafanya kazi kwa nomino vilevile: "my request that the date be moved". Hapo "for" haiingii, kwa sababu kinachofuata ni sentensi nzima na siyo kitu.

Hatua ya 5: Nomino na vitu vinavyoizunguka

Kwanza, usiiache uchi. Kiswahili hakina "a" wala "the", ndiyo maana "I have request" hutoka kirahisi. Inatakiwa "I have a request". Likiachwa bila kitu kushoto kwake, neno linaning'inia, na msomaji hajui kama ni nomino au kitenzi kilichokosewa.

Pili, chagua kitenzi kinachoandamana nalo. Kwa Kiswahili tunatoa ombi, lakini "give a request" haisemwi, wala "do a request". Kwa kawaida ni "make a request". Ukipeleka kwa maandishi, "submit a request" au "put in a request". Ombi likikubaliwa ni "granted" au "approved". Likikataliwa ni "refused", "rejected", "turned down", au kwa lugha laini zaidi "declined".

Tatu, "for" ipo na lazima iwepo: "a request for funds", "requests for information". Watu wa manunuzi wanayo mbele ya macho kila siku kwenye nyaraka za zabuni, "Request for Proposals", "Request for Quotations". Hizo ni nomino, ni majina ya nyaraka. Ukishuka kwenye aya ya kwanza ya tangazo lenyewe, usiandike "The council requests for proposals". Andika "requests proposals", au "invites proposals" ambayo hupendeza zaidi. Mfano mwingine mzuri wa kushikilia: nyaraka za kiufundi zilizoweka misingi ya intaneti zinaitwa "Request for Comments", na ya kwanza ilitoka tarehe 7 Aprili 1969. Ukikumbuka jina hilo utakumbuka pia kwamba "for" hiyo ni ya nomino.

Hatua ya 6: "From" yenye nyuso mbili

Sijaona jambo hili likifundishwa ipasavyo, na ndilo linaloweza kuleta hasara ya kweli, kwa sababu sarufi yake ni safi katika pande zote na maana ndiyo inayogeuka.

"We requested a statement from the bank." Sisi ndio tulioomba, benki ndiyo iliyoombwa.

"We received a request from the bank." Benki ndiyo iliyoomba, sisi ndio tulioombwa.

Kwenye kitenzi, "from" huonyesha anayetakiwa kutoa. Kwenye nomino, huonyesha ombi lilikotoka. Ukitaka kumtaja anayeombwa baada ya nomino, tumia "to": "our request to the bank for a statement". Tazama mpangilio wake: kwanza "to" na mtu, kisha "for" na kitu. Ukiandika "our request from the bank", msomaji atasimama na kujiuliza nani alimwomba nani, na kama ni barua ya madai au ya mkataba, swali hilo linaweza kufika mbali.

Hatua ya 7: Misemo iliyokwisha kuiva

Hii ijifunze kama ilivyo.

"On request" au "upon request" ni "ukiomba". Kwenye wasifu wa kazi: "References available on request."

"At the request of" ni "kwa ombi la": "The meeting was moved at the request of the chairperson." Na "at my request", kwa ombi langu. Usiandike "by the request of".

"As requested" ni "kama ulivyoomba": "As requested, I attach my certificates." Watu wengi huandika "as your request", ambayo si sahihi, au "as per requested", ambayo pia si sahihi. "As per your request" ipo na inaeleweka, ila ina vumbi la makarani wa zamani. "As requested" ni fupi na safi.

Hatua ya 8: Matamshi

Yapo maneno ya Kiingereza ambayo mkazo wake huhama: "record", "permit", "import", "increase" na "refund" hutiwa mkazo mwanzoni yakiwa nomino na mwishoni yakiwa vitenzi. "Request" halimo katika kundi hilo. Mkazo wake hukaa mwishoni pande zote mbili, ri-KWEST. Kiswahili hutia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi wetu hupenda kusema RI-kwest. Mazoezi ya dakika chache kwa sauti yanatosha.

Hatua ya 9: Sahihisha barua hii

Nimeitunga kwa kukusanya makosa yanayotokea mara nyingi. Isome kwanza na utafute mwenyewe kabla ya kuendelea.

"RE: REQUEST FOR TRANSFER. I have request concerning my work station. In March I requested for transfer to Dodoma on medical grounds. I requested the Head of Department a letter, which I attach as your request. I request that my case is considered and I request you to reply me early."

Kichwa kiko sawa, kiache. "I have request" imekosa "a". "Requested for transfer" ina "for" isiyotakiwa na imekosa "a" kabla ya "transfer". "Requested the Head of Department a letter" ni ile "nilimwomba barua" iliyohamishwa nzimanzima. "As your request" iwe "as requested". "Is considered" iwe "be considered": naomba suala langu lifikiriwe, taa ya "e" inawaka. "I request you to" imemkalia msomaji juu. Na mwisho kabisa kuna "reply me", ambalo ni kosa la upande wa pili: "reply" hutaka "to", iwe kitenzi au nomino.

Barua iliyosafishwa:

"RE: REQUEST FOR TRANSFER. In March I requested a transfer to Dodoma on medical grounds. As requested, I attach a letter from the Head of Department. I request that my case be considered, and I would be grateful for an early reply."

Imepungua kwa maneno kadhaa. Sentensi ya kwanza imeondoka yote kwa sababu kichwa kilikuwa kimekwisha kuisema. Sarufi ikinyooka, maneno ya ziada huonekana, na mara nyingi yanaweza kwenda.

Hatua ya 10: Peleka kanuni kwa maneno mengine

Kipimo cha "la" na "ya" kinaendelea kufanya kazi nje ya "request". "Demand payment", kudai malipo. "A demand for payment", dai la malipo. "Lack water", kukosa maji. "A lack of water", ukosefu wa maji. "Visit the hospital"; "a visit to the hospital". "Discuss the budget", bila "about". "A discussion about the budget". "Emphasize safety", bila "on". "Emphasis on safety". Kihusishi chenyewe hubadilika, "for" hapa, "of" au "to" pale, nacho ni lazima ukijifunze kwa kila neno. Kinachobaki palepale ni kwamba nomino inakitaka na kitenzi kinakikataa.

Lakini usikifanye kipimo hiki msumeno wa kukata kila kitu. "Apply for" na "application for" zote zina "for". "Comment on" ni "on" kokote. Kwenye "search", kihusishi kinabadilisha maana: "the police searched the house" ni kwamba nyumba ilipekuliwa, na "the police searched for the house" ni kwamba nyumba yenyewe ndiyo iliyokuwa ikitafutwa. Kwa maneno ya namna hiyo fungua kamusi ya wanafunzi wa Kiingereza, tafuta ingizo la kitenzi peke yake na la nomino peke yake, na usome mifano ya kila upande kabla ya kuandika.